Nyumba Iliyolala Chini

Ndugu yangu Zadock alikuwa meya wa Got Ong'er, na miaka yote hiyo alikuwa analala simba. Wasio wa kwetu wasishtuke. Simba kwetu ni kibanda anachojengewa kijana karibu na lango la boma la baba yake akianza kuota ndevu. Akioa, anamleta mke humo. Akikomaa anatoka, anaenda kuanzisha boma lake. Zadock alikuwa amekomaa mpaka nywele zimeanza kumtoka. Alikuwa na mke, watoto wa chuo kikuu na gari lenye bendera ya manispaa, lakini akija nyumbani alilala simba, kwenye kitanda cha ujana wake. Miguu ya meya ilitokeza nje ya blanketi, na asubuhi kuku wa mama walikuwa wanaingia kuiangalia.

Got Ong'er si Nairobi. Ukitoka Rangwe kwenda Asumbi utauona mkono wa kushoto: safu mbili za maduka, kichinjio, wanaume wa bodaboda, na taa tatu za barabarani ambazo moja huwaka ikitaka. Lakini zamani, kabla ya kaunti, tulikuwa manispaa, na manispaa lazima iwe na meya. Zadock alianza kama diwani. Aliupata udiwani kwa sababu alijua jina la kila mtu na ugonjwa wa kila mama mkwe. Umeya aliupata kwa sababu madiwani wengine walikuwa wanaogopana wao kwa wao, na yeye hakuna aliyemwogopa. Wakamvisha ule mkufu mkubwa wa shaba. Aliuvaa kanisani, aliuvaa matangani, aliuvaa akienda kununua sukari. Mama alisema anafanana na fahali wa maonyesho ya kilimo. Choo cha soko alikifungua mara mbili kwa utepe, Jumanne upande wa wanaume na Alhamisi upande wa wanawake, na mara zote mbili alihutubia.

Halafu katiba mpya ikaja na kaunti zake, mwaka wa 2013 mameya wakafutwa. Wengine waliingia pombe. Zadock yeye aliendelea kuitika akiitwa Meya, na akaanza kutaka bunge. Alisema bunge ni baraza la manispaa lenye viti laini zaidi. Mwaka wa 2017 akasimama, akaangushwa vibaya na Omondi, mbunge ambaye mpaka leo sijui alitufanyia nini zaidi ya kumcheka ndugu yangu.

Lakini kucheka alijua. Kwetu siasa hufanyika matangani. Ukitaka mbunge Jumamosi, fuata jeneza. Omondi akipewa kipaza sauti alianza vizuri tu, akawapa pole wafiwa, akawasalimu wazee na mapadri, kisha akageuka polepole kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Nimemwona ndugu yetu Meya pale nyuma. Karibu, Meya. Nasikia umetoka nyumbani kwa mama. Chai alikupa?"

Watu waliokuja kulia wakawa wanashika mbavu. Hakuhitaji kuongeza neno. Mtu ambaye hajatoka kwa mama yake, unampeleka Nairobi kufanya nini?

Kilichouma ni kwamba nyumba Zadock alikuwa nayo. Akiwa meya alijenga ghorofa ya mawe ya kuchonga pale juu ya mji, vigae vyekundu, geti nimelitengeneza mimi mwenyewe, lina samaki wawili wa chuma wanaotazamana. Hakuwahi kulala humo. Alikuwa anaenda mchana, anafungua, anakaa sebuleni amevaa viatu kama mgeni, jioni anafunga na kurudi simba. Sababu ilikuwa mimi. Mimi ndiye mkubwa, na kwa Wajaluo mdogo hatoki kwa baba kabla ya mkubwa. Akitoka, hiyo ni chira, laana ya kuruka desturi, na chira si askari wa kaunti kwamba utaongea naye pembeni. Mama yetu, Zilpah, alimwambia wazi: ukilala kule kabla ya kaka yako, nikifa msinizike. Basi popo wakahamia kabla ya meya.

Sasa mtauliza kwa nini mimi nisitoke.

Mimi niliacha shule darasa la saba nikaenda Migori kujifunza kuchomelea vyuma. Mageti mengi mnayoyaona kuanzia Migori mjini mpaka Rongo ni yangu. Mke wangu ni Truphena. Tulikaa Migori chumba kimoja cha kupanga nyuma ya karakana, tukamzaa Cliff humo, na wadogo zake wawili. Siku moja Truphena akaniambia hakuolewa ili awe mpangaji. Nikamwambia tutajenga. Mwaka ukapita, nikamwambia tutajenga. Mwaka mwingine ukapita, akakusanya makarai yake akaenda Homa Bay kuuza samaki, akaniachia neno moja: nikiona nyumba nitarudi.

Maneno hayo yalikuwa na shida. Kwetu mtu haanzishi boma peke yake. Asubuhi ya siku yenyewe, mzee wa ukoo anatangulia. Mwanamume anabeba jogoo, mwanawe wa kwanza anabeba shoka, na mke wake wa kwanza anabeba moto. Nyumba inasimama siku hiyo hiyo. Jua likizama iwe na paa, na mume na mke walale ndani. Hiyo tunaiita ligala. Bila mke hakuna wa kubeba moto, na bila moto hizo ni kuta tu. Kwa hiyo nilimjibu: rudi kwanza, ndipo nyumba isimame. Naye akajibu: isimame kwanza, ndipo nirudi. Na mimi si mtu wa kubembeleza, na yeye si mtu wa kubembelezwa vibaya. Hatukuachana. Tulisalimiana kwa simu, tuliulizana habari za watoto. Tulikuwa tumekwama tu, kama malori mawili kwenye daraja jembamba, kila dereva amezima injini na kushuka kununua chai.

Osman, anayeniuzia vyuma hapa Migori, ni mtu wa Garissa. Alinisikiliza siku moja mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Fundi, ndugu yako ana nyumba, hawezi kulala. Wewe una bibi, hawezi kuja. Bibi yako ana bwana, hana nyumba. Kwetu hii kitu ingekwisha na ngamia mmoja."

Nikamwambia sisi hatuna ngamia. Akasema hilo ameliona.

Mwanzoni mwa 2022, mchujo wa chama ukiwa umekaribia, Zadock akaja karakana na magari mawili na wanaume wanne wenye kofia zenye picha yake. Nikawaambia wanaume wakae mbali na cheche. Zadock akakaa juu ya debe, na suti yake.

"Owadwa," akaniambia, yaani ndugu yangu, "nataka utoke."

"Nitoke wapi?"

"Kwa mama."

"Niko Migori."

"Mwili ndio uko Migori. Simba yako iko kwa mama, mbele ya yangu, imenizibia njia. Omondi ameshaanza. Juzi kule Oyugis ameuliza watu kama nimeshaacha kunyonya."

"Niletee Truphena, nitoke kesho."

Akashika tai yake, na nikajua anafikiria. Zadock akifikiria anakunja tai yake kama mkeka. Akauliza kama shangazi yetu hawezi kuubeba moto kwa niaba ya Truphena, kama vile naibu meya. Nikamwambia amuulize baba mdogo Barnabas, kwa kuwa baba yetu alishafariki na Barnabas ndiye atakayetutangulia. Akauliza kama siwezi kuoa mke mwingine haraka. Nikamwambia boma linafunguliwa na mke wa kwanza, na zaidi ya hayo aende akamwambie Truphena hilo wazo yeye mwenyewe, mimi nitabaki hapa. Akauliza kama siwezi kusimama mbele ya ukoo nikatangaza kwamba nimempisha.

Alikwenda kwa Barnabas na mapendekezo yote matatu. Mzee alikuwa anatafuna muwa. Alitafuna mpaka mwisho, akatema, akamwambia, "Zadock, hapa si manispaa. Hapa hatupigi kura."

Basi akaamua kwenda kwa Truphena. Na hapo alikosea, kwa sababu alikwenda kwa njia anayoijua. Alikodi basi dogo. Akaweka humo wazee wa ukoo, akina mama wa kanisa, mkewe Mourine, na kijana mmoja na spika. Walifika sokoni Homa Bay saa za watu wengi, wakapanga mstari mbele ya meza ya Truphena, na Zadock akaanza kwa kumshukuru Mungu kwa siku hiyo.

Mourine ndiye aliyenisimulia. Anasema Truphena alimsikiliza shemeji yake kwa heshima, mikono imejaa magamba. Alipofika kwenye maendeleo, Truphena akamwambia mteja wake asubiri kidogo, mheshimiwa anamaliza. Alipofika kwenye umoja wa familia, Truphena akauliza kama wageni wote hawa wamekula. Kisha akaanza kuwauzia samaki. Mmoja baada ya mwingine, wazee kwa akina mama, mpaka kijana wa spika. Walirudi wote na mbuta wa kukaanga kwenye magazeti, na Zadock mwenyewe alikuwa na wawili. Jibu lilikuwa lile lile. Alimwambia, "Yuora," yaani shemeji, "mimi sikugombana na wewe, kwa hiyo hatuwezi kupatana. Mwambie ndugu yako nikiona nyumba nitakuja."

Zadock alipita kwangu akinuka samaki. Alikuwa amechoka. Alikaa kwenye debe lile na akasema kitu ambacho sijawahi kumsikia akisema hata siku aliyonyang'anywa mkufu. Alisema mchujo ni mwezi wa nne, na asipokuwa na boma lake kufikia hapo hatajisumbua kulipia fomu. Atarudi kuuza mbolea. Na akasema amechoka kulala na miguu nje. Hakusema kwa kutania.

Siku hiyo nilikuwa nampakilia mteja kutoka Kisii, jina lake Nyakundi, kioski chake. Kazi hiyo tunaifanya hivi: kioski chote nakitengeneza hapa karakana, fremu za kuta, mlango, dirisha, paa, natoboa matundu yote, napima, kisha nakilaza vipande vipande kwenye lori. Akifika kwake anafunga bolti. Zadock alikuwa anaangalia tu, maana hakuwa na pa kwenda.

"Hicho ni nini?" akaniuliza.

"Kioski."

"Kimekwisha?"

"Kimekwisha. Amemaliza kulipa."

"Kimejengwa?"

"Bado. Atakijenga kwake."

Akasimama. Debe likaanguka. "Kwa hiyo kimekwisha, na hakijajengwa."

Niseme ukweli, mimi nimefanya kazi hiyo nusu ya maisha yangu na sikuliona. Yeye hajui kushika hata spana, lakini kuona mwanya kwenye sheria, hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa nayo. Pale pale nilijua huyu mtu ni wa bunge.

Tukampigia simu Barnabas. Zadock alimweleza polepole, kama anayemlisha mtoto uji. Nyumba ya kuchomelea, ya vyuma na mabati, vyumba vitatu, iwe imekamilika Migori mpaka kitasa, lakini imelala. Truphena aje aione. Kisha siku ya ligala abebe moto, nyumba isimamishwe siku hiyo. Tukamsikia mzee anatafuna muwa, anatema. Halafu akasema nyumba ni kitu kilichosimama. Kilicholala chini ni vyuma, na vyuma havina desturi. Akauliza kama kutakuwa na mbuzi. Zadock akasema watakuwa wawili.

Nilifanya kazi hiyo bila kupokea geti la mtu mwingine. Osman alinipa vyuma vizuri, vilivyonyooka, na akaja mara mbili kuhakikisha kwamba sijavipinda. Ilipokwisha niliilaza yote uwanjani nyuma ya karakana, kila ukuta mahali pake, milango ikitazama mbinguni. Kisha nikampigia Truphena mwenyewe. Nikamwambia nyumba iko tayari, njoo uione. Akauliza imesimama? Nikasema imelala. Akacheka, na nilikuwa sijausikia mcheko ule muda mrefu.

Alikuja siku ya Jumapili, amevaa gauni la kanisani. Hakunipa mkono. Alivua viatu, akaingia ndani ya nyumba kwa mlango, ingawa hakukuwa na ukuta wa kumzuia kupita popote. Akatembea sebuleni. Akageuka, akaingia chumbani, akasimama katikati akaangalia juu kama anakagua dari.

"Wuon Cliff," akaniita, baba Cliff, "kitanda kinakaa wapi?"

"Hapo."

"Hapa jua la asubuhi litanipiga usoni."

"Nitahamisha dirisha."

"Lihamishe. Na mlango wa jikoni uko wapi?"

"Jikoni kwetu huwa nje."

"Najua huwa nje. Nimeuza samaki kwenye mvua miaka yote hii. Nataka jiko langu lishikane na nyumba, nikitaka chumvi nisivae koti."

Nilikata ukuta siku hiyo hiyo na yeye akiangalia. Alishika miwani ya giza ya kuchomelea, akaivaa, akakaa kwenye debe la Zadock akitazama cheche. Alinikosoa mara mbili, na mara moja alikuwa sahihi. Jioni alisema atakuja. Atabeba moto na atalala usiku huo, kwa sababu desturi ni desturi na Zadock anatia huruma. Kuhusu siku zitakazofuata, hakusema. Mimi nami sikuuliza. Sijui kuuliza vitu kama hivyo.

Ila aliweka sharti moja, akampigia Zadock mwenyewe kumwambia. Ile itakuwa ligala ya mumewe, si mkutano wa mgombea. Akisikia hotuba moja, hata ya kushukuru, moto ataumwagia maji. Zadock akajaribu kuuliza kuhusu maneno machache ya ukaribisho. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Siku yenyewe tulitoka kwa mama alfajiri. Barnabas mbele na fimbo, mimi na jogoo, Cliff na shoka, na nyuma Truphena amebeba kigae chenye makaa, anatembea taratibu ili moto usizimike. Mama alisimama langoni, hakulia, alituhesabu tu kama mtu anayefunga duka. Watu wa Got Ong'er walijaa pande zote za njia kwa sababu walijua meya yuko nyuma yetu. Walitegemea kusikia kitu. Zadock alipita na magogo begani, mdomo ameufunga. Mtu akamwita, "Meya, sema neno." Akatikisa kichwa. Nimeona watu wakishangaa mambo mengi, lakini sijaona wakishangaa hivyo.

Kuta zilikuja na lori la kwanza mapema. Tulizisimamisha kabla ya saa sita. Wanaume wanashika, mimi nafunga bolti, wanawake wanapika. Zadock alikuwa anatumwa kama kibarua yeyote: leta spana, shika hapa, si hapo. Truphena alikaa pembeni na moto wake, anaulisha vijiti, na kila Zadock akifungua mdomo ili apige hata miayo, alimwangalia.

Shida ilikuwa lori la pili. Hilo ndilo lilibeba paa, na Cliff ndiye aliyekwenda kulileta. Vijana wa kampeni walikuwa wamelipamba, bila kutuuliza, kwa picha za Zadock kuanzia bampa mpaka nyuma. Lilipofika Rangwe, siku ya soko, watu wakalizuia. Gari lenye uso wa mgombea halipiti Rangwe hivi hivi. Wakadhani yumo ndani. Wakataka awahutubie. Dereva akasema amebeba mabati, wakasema wanasiasa wote husema hivyo. Saa nane Cliff akapiga simu: hatusogei, wamekaa mbele ya magurudumu, na wanaimba.

Nikaangalia jua. Nyumba isiyo na paa jua likizama si nyumba, na ligala haikatwi ikaendelezwa kesho. Ingebidi kungoja msimu mwingine, na Truphena angekuwa ameshaondoka na sababu nzuri mkononi. Nilimwangalia. Alikuwa anaulisha moto tu.

Zadock akaweka chini gogo alilokuwa ameshika. Akamfuata Truphena, akachuchumaa mbele yake, na suruali yake imejaa matope.

"Yuora, niruhusu niseme huko Rangwe. Hapa sitasema."

"Utasema muda gani?"

"Sijui kusema kidogo. Unanijua."

"Basi leo utajifunza," akamwambia.

Alikwenda kwa bodaboda. Yaliyotokea nimesimuliwa na Cliff, ambaye hana tabia ya kuongeza chumvi, hilo amelirithi kwa mama yake. Anasema umati ulipomwona ulipiga kelele dakika nzima. Wakampandisha juu ya mabati. Alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, hana koti, hana kofia. Mtu akampa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili, Cliff anasema, kama mlevi aliyepewa chupa.

"Watu wa Rangwe," akasema, "haya mabati ni paa la kaka yangu. Leo anatoka kwa baba. Jua linashuka. Nipisheni."

Akarudisha kipaza sauti.

Cliff anasema umati uliendelea kumtazama, ukingoja hotuba ianze. Halafu mama mmoja mwenye nyanya akasimama kutoka mbele ya gurudumu, akajipangusa, akasema kwa sauti, "Ondokeni, mnamchelewesha mtu na ligala?" Na wakaondoka wote. Wengine walilisukuma lori lilipokataa kuwaka. Wanaume kadhaa wakapanda kuja kusaidia, watu ambao hawajui hata jina langu.

Paa lilifungwa. Bolti ya mwisho niliifunga nikiwa sioni vizuri uso wa aliyenishikia ngazi, lakini upande wa ziwa mbingu ilikuwa bado nyekundu, na Barnabas akasema imetosha. Truphena akaingiza moto ndani, akauweka jikoni, lile jiko lililoshikana na nyumba. Watu wakala mbuzi, wakaenda.

Ya Zadock niyamalize haraka, maana mnayajua. Siku chache baadaye na yeye alitoka, akafanya ligala yake pale kwenye ghorofa, kibanda kikasimamishwa uani siku hiyo hiyo ili desturi itimie, popo wakafukuzwa, na Mourine akapata kuweka mapazia ambayo yalikuwa sandukuni tangu enzi za umeya. Habari ya Rangwe ilizunguka kila soko. Matangani Omondi alijaribu tena ile ya chai ya mama, lakini hakuna aliyecheka, na mzee mmoja alimwomba awape pole wafiwa na akae chini. Mwezi wa nne Zadock alishinda mchujo, mwezi wa nane akashinda kiti. Sasa yuko Nairobi, anaitwa Mheshimiwa, na nasikia akisimama kuuliza swali spika humkumbusha kwamba swali huwa na mwisho.

Mimi nataka kumaliza ile asubuhi ya baada ya ligala.

Niliamka nikiwa peke yangu. Makaa yalikuwa yamefunikwa vizuri kwa majivu, chai iko kwenye chupa, na Truphena hayuko. Mama mmoja wa jirani akaniambia amemwona akipanda gari la Homa Bay mapema, na karai lake.

Zadock akapiga simu kabla sijamaliza chai. Alikuwa ameshajua, wanasiasa wana watu kila mahali. Akanituliza. Akasema kwa desturi mambo yote yamekamilika, usiku mmoja unatosha, Barnabas amethibitisha, hakuna atakayeweza kuipinga ligala yangu popote. Nikamwambia nashukuru. Nikakata simu, nikakaa kwenye ile sebule. Nimejenga vyumba vya watu wengi na sikuwahi kujua kwamba vyumba vitatu ni vingi kiasi kile. Nilisikia mabati yakijinyoosha kwa jua. Nikafunga mlango nikaenda barabarani.

Njia nzima nilitunga maneno. Yalikuwa mazuri, hata Zadock angeyataka. Nilipofika sokoni nikamwona ameinama, anamkatia mteja mbuta, maneno yote yakatoroka.

"Umekuja kununua au kuuliza?" akaniambia, bila kuinua kichwa.

"Kuuliza."

"Uliza."

"Utarudi?"

Wanawake wa meza za jirani walikuwa wameacha kukata, visu hewani. Truphena akampa mteja samaki wake, akampa chenji, akajifuta mikono.

"Wuon Cliff, miaka yote hii nimengoja hilo swali, na umeliuliza kama mtu anayeuliza bei ya omena. Rudia."

Wakacheka meza zote. Masikio yangu yaliwaka. Ningeweza kuondoka, mguu mmoja ulishageuka.

"Min Cliff," nikasema, mama Cliff, "leo nimeamka na nyumba ni kubwa. Ni kubwa sana. Sijui nitakaa upande gani. Twende nyumbani."

Alimgeukia mwenzake wa meza ya pili, Lynnet, akamwambia meza aiangalie mpaka Alhamisi, na asimkopeshe yule mwalimu. Nikauliza kwa nini Alhamisi, kwani si amekubali?

"Nimekubali nyumba," akasema. "Sijaacha kazi. Alhamisi na Jumamosi niko hapa, siku nyingine niko kwangu. Kama hutaki, sema sasa, gari bado liko."

Nikasema nataka.

"Basi beba hili."

Akaniinulia karai la samaki waliobaki. Nikataka kulishika mkononi, akasema hapana, linamwaga maji, weka kichwani. Nikaliweka kichwani. Tukatoka hivyo kupita soko zima la Homa Bay, yeye mbele na mkoba wake, mimi nyuma na maji ya samaki yananitiririkia shingoni, na wanawake kila upande wananiita shemeji na kuniuliza bei.